Mtumbwi Uliotunzwa Mkavu

Mwezi Novemba 1978, ilipotolewa amri kwamba mitumbwi yote iondolewe katika mto Ruvubu mpaka vita viishe, Havyarimana alikuwa amebakiwa na siku mbili kabla ya kuondoka na mgambo wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa akivusha watu wa kijiji chetu, upande wa Bugarama. Mtumbwi wake, gogo moja lililochongwa na marehemu baba yake, ndio uliomlisha yeye na mkewe Restuta. Alikuja kwangu kwa sababu nilikuwa mwalimu mkuu na funguo zote nilikuwa nazo.

"Mwalimu, nitunzie."

"Utaukuta kama ulivyouacha," nilimjibu. Sikumuuliza hutunzwa namna gani.

Wengi wetu tulikuwa watu wa vilimani, tuliohamishiwa pale mwaka 1974. Tulijua kutunza mahindi ya mbegu: huinuliwa, huezekewa, hufukizwa moshi. Basi nyuma ya shule nikasimamisha nguzo nne na boriti mbili, nikapitisha kamba za katani juu yake. Wanaume wanane wakavuta, mtumbwi ukapanda hadi usawa wa kifua changu. Tukaezeka nyasi. Kila Jumamosi niliwasha chini yake moto mdogo wa moshi, wa kufukuza mchwa na bungua.

"Hapo hata mbu ataomba kibali," alisema mzee Anastazi, mwenyekiti wetu, na watu wakacheka kwa kuridhika.

Sikuona haja ya mlinzi. Nilimwandikia Havyarimana: "Mtumbwi uko juu, umefunikwa, ni mkavu kabisa." Neno la mwisho nililipigia mstari kwa rula.

Januari niliitwa kwenye semina Biharamulo, wiki tatu. Niliporudi, mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Kuzunguka banda majani yalifika magotini, na ndani ya banda kulikuwa na majivu tu. Restuta alikuwa amesimama pale, kiganja chake kimegusa ubavu wa mtumbwi. Chini ya kiganja ulipita ufa mwembamba kama mstari wa penseli, kutoka puani hadi katikati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huu umeanza lini?"

"Nitajuaje? Mume wangu hauweki juu. Akikaa siku nyingi bila kuvusha, anaujaza mawe na kuuzamisha. Unalala chini ya maji."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu naye huambiwa?"

Niliendelea na moto wa Jumamosi, nikisubiri neno la mwenye mtumbwi. Machi ikaja barua ya Havyarimana, imeandikwa kwa penseli. "Mwalimu, shikamoo. Huo ukavu ndio ugonjwa wenyewe. Nakuomba uuzamishe upesi. Sina kazi nyingine ya kurudia."

Nilitembea hadi ofisi ya wilaya, Ngara, siku iliyofuata, kuomba kibali cha kuuzamisha. Karani, kijana aitwaye Xavery niliyemfundisha mwenyewe darasa la nne, alinisomea ile amri kwa heshima kubwa.

"Utakuwa chini ya maji, umejaa mawe," nilimweleza. "Nani atavuka nao?"

"Mwalimu, amri inasema usiwe mtoni. Chini ya maji si mtoni?"

"Ni mtoni."

"Ndivyo ulivyotufundisha, amri haichaguliwi maneno. Mwenye saini yuko vitani. Ngoja arudi."

Nilikwenda tena mara mbili. Kijijini niliacha kuwasha moto, na kila jioni mimi na Restuta tulimwagia mtumbwi ndoo za maji na kuufunika magunia yaliyolowa. Maji yalipita ufani, yakadondoka kwenye majivu. Mwezi Mei kidole changu cha shahada kiliingia ufani bila kugusa kingo.

Havyarimana alirudi Agosti, amekonda, na amri ilikuwa imeondolewa. Alizitazama nguzo, kamba, nyasi zilizokatwa sawasawa.

"Banda zuri," alisema, wala hakuwa akinikejeli. Afadhali angenikejeli.

Tuliubeba hadi mtoni. Maji yaliingia kwa utulivu, kama mtu anayeingia kwake. Akapanga mawe ndani, moja moja, mpaka ukazama.

"Utaziba?"

"Sijui, Mwalimu. Mti ukishazoea ukavu..."

"Nifanye nini sasa?"

"Hakuna."

"Niwe nakuja kuuangalia?"

"Usije. Uachwe peke yake."

Baada ya wiki sita aliutoa mawe na kuusukuma majini. Ukajaa kabla hajaingia ndani.

Jumatatu alifika katika shamba la ujamaa na jembe la kuazima. Alilishika mpini mwishoni kabisa, mikono ikiwa imeachana, kama mtu anayeshika pondo la kusukumia mtumbwi.

"Havyarimana!" mzee Anastazi aliita. "Hapa hatuvuki, tunalima!"

Watu wakacheka, na Havyarimana akacheka nao. Mimi nilikuwa mstari wa pili nyuma yake. Niliinama, nikaendelea kulima.