Ukoko Katika Mtutu wa Haskett

Pikapu ilikuwa imekwisha kufungwa kamba, kitanda cha chuma juu ya masanduku, kiti cha kubembea miguu juu kama mbuzi aliyechinjwa, na walikuwa wameshavuka daraja kuelekea mji wa Boise, mzee Orrin Haskett alipomwambia binti yake akate kona. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetaka kushuka kununua tumbaku: ingia hapo kwa Tull, nataka anitazamie mtutu wa bastola.

Tull ni mimi. Nimelala katika miji mingi kuliko vifungo vya shati langu, lakini miaka hiyo nilikuwa nimetua bonde la Lemhi, nikitunza uwanja wa shabaha wa klabu: kibanda, jiko la kuni, na tuta la mchanga lililomeza risasi za watu wengi waliokwisha kuzikwa.

Habari za Haskett kila mtu alikuwa nazo. Septemba, kwenye mashindano ya kufunga msimu, mtu huyu aliyekuwa akitoboa duara jeusi tangu sisi wengine hatujaota ndevu alitawanya risasi kama anayerushia kuku mtama. Moja ikapasua nguzo ya paa. Wakubwa wa klabu wakampigia simu Nadine, binti yake, wakamwambia macho ya baba yako yamekwisha, na mtu wa namna hiyo hakai peke yake mlimani theluji ikianguka. Nadine akaja kutoka Boise kumchukua. Mzee akashikilia kwamba si macho, ni mtutu. Wakabishana wiki nzima, na mwishowe kitanda kikafungwa kamba.

Sasa walikuwa mbele ya kibanda changu. Nadine alikuwa mwanamke wa makamo, na siku hiyo alikuwa na uso wa mtu ambaye halali.

"Baba, tulishakubaliana," alisema.

"Tulikubaliana kwamba nimeharibika mimi. Je, kama ni mtutu?"

Nadine akanitazama, akatazama barabara. Mawingu ya theluji yalikuwa yameshuka hadi magotini mwa milima.

"Kama ni mtutu," akasema, "nafungua kamba, tunarudi nyumbani."

Aliisema kwa kuchoka, lakini aliisema, na mzee akaishika ahadi hiyo hapo hapo.

Tukaingia kibandani, mzee akakaa, akanipa bastola, ngoma yake ya risasi imefunguliwa na matundu yake yote matupu, kama ilivyo adabu. Niliuelekeza mtutu dirishani nikachungulia. Mifereji ya ndani, inayotakiwa kung'aa ikijizungusha mpaka mdomoni, ilikuwa imezibwa. Risasi laini ikipita hujipaka kwenye chuma, na hapa ilikuwa imejipaka mpaka ikaganda, kama uji ulioungulia chini ya sufuria. Ukoko mtupu.

Nikamwambia Nadine ukweli: bastola ikiwa hivi, hata shetani mwenyewe hapati nguzo, isipokuwa kwa bahati mbaya. Mzee akakaa wima. Rangi ikamrudi usoni.

Ndani ya kibanda alikuwamo Lyle Buckner, jirani mkulima wa nyasi, amekaa karibu na jiko anakunywa kahawa yangu. Akaleta dawa yake: piga risasi chache zenye koti la shaba, zitakomba uchafu wote. Nusu ya bonde lile waliamini hivyo.

"Lyle," mzee akasema, "wewe uji ukimwagika kwenye zulia, unaupiga pasi?"

"Mwenye pasi kwetu ni mke wangu."

"Ndiyo maana bado mna zulia."

Nikatia mafuta mtutuni nikayaacha yaingie chini ya ukoko. Nikanyofoa nyuzi za stilwaya ya shaba, ile ya kusugulia masufuria, nikazizungushia brashi kuukuu, nikasukuma kwa ufito. Mara ya kwanza ilikataa. Ya pili ikapita kwa mkwaruzo unaousikia kwenye meno. Magamba yakaanza kuanguka juu ya gazeti, membamba, yanang'aa, kama ya visamaki. Mzee aliyainamia kwa furaha, kana kwamba daktari ametoa kitu mwilini mwake na sasa anamwonyesha.

Kazi ilikuwa ndefu, naye akasimulia. Akasema Nadine alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kukaa meza ya jikoni na kupaka risasi mpya mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta, akiyashindilia kwa kidole gumba katika kila kijifereji kinachoizunguka risasi, maana risasi isiyo na mafuta huiacha ngozi yake mtutuni. Alikuwa akienda shuleni na kidole cheusi, walimu wakidhani hanawi. Nadine akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Nilimuuliza mzee kama amebadili madini anayoyeyusha na kumimina kupata risasi zake. Hapana. Mafuta? Yale yale ya siku zote. Nikaliacha hapo.

Mtutu ulipong'aa nilifunga magamba katika gazeti, nikanawa mikono, nikampa risasi zangu, kwa kuwa zake zilizokwisha kujazwa baruti zilikuwa chini ya mizigo. Akasimama mkono mmoja mfukoni, kama walivyofundishwa watu wa zamani, akapiga sita bila haraka. Tulipoifikia karatasi, tano zilikuwa ndani ya duara jeusi, ungeweza kuzifunika kwa kikombe. Ya sita ilikuwa imegusa ukingo. Lyle alivua kofia.

Nadine aliitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akaenda kwenye pikapu akaanza kufungua kamba.

Furaha ikamfanya mzee mkarimu. Akamwambia bintiye anipe kopo lililo nyuma ya kiti, risasi alizomimina kiangazi chote. Zimeshapakwa mafuta, akasema, kazi yangu ni kujaza baruti tu. Nadine akalitoa, kopo la kahawa, akalifunua. Akachukua risasi moja, akapitisha kidole gumba. Akachukua nyingine. Akamimina tele kiganjani. Vijifereji vyote vilikuwa vikavu, safi kama vilivyotoka kwenye kalibu.

"Baba, hizi hukuzipaka."

"Nimezipaka."

"Hebu shika."

Akashika. Akapitisha kidole, vile vile alivyomfundisha mwanawe. Akachimbua moja kutoka chini kabisa ya kopo, akaipapasa nayo.

"Nilikaa mezani," akasema. "Nakumbuka nilikaa. Mafuta yalikuwa hapa." Akaonyesha hewani mahali yalipokuwa.

Lyle akatazama buti zake. Nadine alikuwa bado ameshika ncha ya kamba. Alikuwa ameahidi, na kweli ulikuwa mtutu. Naamini angeitimiza ahadi.

"Wiki hii ulipokuwa kwangu, mlango wa jiko niliuacha wazi moto ukiwaka mara ngapi?" mzee akauliza.

"Mara moja."

Mzee akamkazia macho.

"Mara tatu, Baba."

Mzee akarudisha risasi koponi moja moja, akafunika.

"Funga kamba, mwanangu. Fundo la kushoto limelegea."

Haskett alifia Boise katika majira ya baridi ya pili. Mwishoni alikuwa akimwita Nadine kwa jina la mkewe. Nyumba ya mlimani ilinunuliwa na watu wanaokuja Julai tu. Lyle alipiga risasi zake za koti la shaba juu ya ukoko wake, akapasua mtutu, na alilaumu baruti mpaka alipokufa. Klabu ilivunjika, tuta likachekechwa na madini yake kuuzwa. Nadine anayo bastola, haijapigwa tena. Lile kopo liliachwa mezani kwangu. Risasi zake nilizipaka mafuta zote, nikazijaza, nikazipiga kabla sijahamia Nevada. Zilikwenda sawa.