Mungu Hakufukia Korongo

"Mama Lukresia, hivi Mungu naye huwa anapima barabara?"

Zuena, jirani yangu muuza kanga, aliniuliza hivyo akiwa amezama kwenye tope hadi magotini, anacheka cheko la mtu aliyekwisha kulia.

Mwaka ule walikuwa wamenyoosha mtaa wa sokoni hapa Karatu. Matano, Bwana Ujenzi wa wilaya, alitaka malori yapite bila kukunja kona, akafukia korongo lililokuwa likipitisha maji ya mvua nyuma ya maduka. Masika yalipofika, maji yakakosa njia, yakapita kwangu. Ukuta wa chumba ukaanguka. Kaburi la mume wangu Tluway, pale uani, likachimbika mpaka ubao wa jeneza ukaonekana. Nikamzika tena kwa mikono yangu.

Ukaitishwa mkutano shuleni. Mimi nilitaka jambo moja: Matano aseme "nimekosea," kisha alifukue korongo kabla ya mvua za vuli, Tluway asitoke tena.

Matano akasimama, viatu vyake vikavu.

"Ndugu wananchi, hili ni pigo la Mungu. Sisi binadamu tungefanya nini?" Akanigeukia kwa adabu. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Kabla hatujaanza tuombee, tumshukuru Mungu hakufa mtu."

"Wa kwake alikufa zamani," Zuena akasema kutoka nyuma. "Ninyi mmemfukua tu."

Watu wakaguna. Nikajitanda kanga kichwani, nikasimama. Vichwa vikainama. Matano naye akavua kofia.

"Baba," nikasema, "korongo uliliweka wewe, na mvua yako ililijua. Leo unasingiziwa mbele yetu, nami nimeambiwa nikushukuru. Kwa hili sikushukuru. Aliyelifukia yuko humu, amefumba macho. Mfungue kinywa aseme mwenyewe. Tunangoja."

Sikusema amina.

Basi hakuna aliyeinua kichwa. Sala ilikuwa haijafungwa. Hata mzee Omary wa msikitini alibaki ameinama, viganja wazi. Mtu akakohoa. Nje lori likapita, limenyooka.

"Amina," Matano akasema haraka.

Hakuna aliyeitikia.

"Mama, funga sala, tuna kazi."

"Bado anangojwa mtu, mwanangu."

Nikasikia benchi likisukumwa. Nilipofumbua macho Matano alikuwa anavaa kofia, katikati ya sala, anapita kati ya vichwa vilivyoinama. Akatoka.