Mzee Sengee na Maji ya Kijani

Mzee Sengee aliendesha malori ya serikali miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna injini iliyompasukia kwa baridi. Jambo hilo alipenda kulisema, na waliomzunguka walikuwa na adabu ya kujifanya hawajawahi kulisikia. Siri yake ilikuwa ndogo: jioni unafungua koki chini ya rejeta, unamwaga maji yote, unakwenda kulala. Asubuhi unachemsha mengine. Anayesahau huamka akakuta chuma kimepasuka, maana maji yakiganda hutanuka, wala hayaombi ruhusa.

Kwa hiyo mkesha wa Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, mjukuu wake Saruul alipowasili kutoka Ulaanbaatar, akaegesha gari lake dogo nyuma ya hema na kuingia ndani kusaidia kukunja buuz za unga na nyama, mzee alilitazama lile gari akalihurumia. Baridi ilikuwa inakaribia arobaini chini ya sifuri. Saruul alikuwa daktari wa meno, binti mwenye akili zake, lakini watu wa mjini hulala kwenye majumba yenye mabomba ya moto, watajuaje mambo haya? Mzee akamfukuza mbwa, akasukuma beseni kubwa la majivu chini ya gari, akalala chali kwenye theluji huku magoti yakimlalamikia, akaipapasa koki.

Yakatoka maji ya kijani.

"Siku hizi hata maji ya gari yanatiwa rangi!" alijisemea, akacheka. Yalipokwisha kuchuruzika alikwenda kuyafukia majivu yale shimoni, akarudi ndani kula. Hakumwambia mtu. Wema hautangazwi, na usiku ule buuz zilimshuka vizuri kuliko miaka yote.

Tena alikuwa na furaha nyingine. Kesho yake, siku ya kwanza ya mwaka, Saruul angempeleka kwa dada yake Dulmaa, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyeishi bonde la pili, kilometa sabini. Siku hiyo mdogo humwendea mkubwa, humshika viwiko kutoka chini na kumtakia amani. Sengee, kwa miaka yake sabini na minane, alikuwa mkubwa kila alikokwenda. Watu wote walimshika viwiko yeye. Aliyebaki duniani wa kushikwa viwiko na Sengee alikuwa Dulmaa peke yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mwaka uliopita theluji ilifunga njia, na mzee alilia, ingawa mkewe Handaa aliapa kutomwambia mtu. Na Dulmaa alikuwa na sheria yake: salamu ya mwaka huja kabla jua halijatua. Ikichelewa, huyo amekuja kula tu.

Asubuhi wageni walikuja, wakasalimiana, wakala, wakaondoka. Mchana ulipofika Saruul alitoka na ufunguo mkononi, akamkuta babu yake amesimama kando ya gari na birika kubwa linalofuka mvuke.

"Babu, chai yote hiyo ya nani?"

"Si chai. Ni maji ya gari lako. Jana ulisahau kumwaga, nikakumwagia."

"Ukanimwagia nini?"

"Maji. Yalikuwa ya kijani, sijui mlichota wapi."

"Babu! Ile ni kulanti! Imetiwa dawa, haigandi hata baridi ije na ndugu zake wote! Haimwagwi, inakaa humo miaka!"

Mzee alilitazama birika kana kwamba lenyewe ndilo lililomponza. Handaa, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika kizingiti.

"Miaka thelathini na minane ya udereva! Mzee wangu, umelikamua gari kama mbuzi!"

Sengee hakucheka. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa shimoni, yamechanganyika na majivu. Duka la karibu lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Majirani wote walikuwa wamekwenda na magari yao kwa wakubwa zao. Alilitazama jua, akamwona akilini dada yake ameketi akiutazama mlango, mwaka wa pili sasa.

"Nipeni farasi," alisema.

"Ukafike umeganda, atakushika viwiko yeye," Handaa alimjibu. "Tulia."

Saruul alikuwa ameshafungua buti. Akaibuka na chupa moja.

"Dawa ninayo lita moja, haijachanganywa bado. Lakini inatakiwa nusu kwa nusu na maji, na gari linameza lita sita. Kwa baridi hii haifui dafu."

Mzee akainua kichwa. "Handaa, vodka ziko ngapi?"

"Tatu. Za wageni."

"Sikuuliza ni za nani."

"Unataka kulinywesha gari sikukuu yangu?"

"Pombe haigandi upesi! Mwaka ule njia ya Hovd, mimi na tingo wangu..."

"Hadithi baadaye, babu," Saruul alimkata. "Koki ulifunga?"

Mzee akaweka birika chini. "Koki huachwa wazi," alisema, akarudi chini ya gari.

Handaa alileta chupa tatu. Aliporudi ndani wakadhani amekasirika, kumbe alikwenda kufukua nyuma ya kasha dumu la gongo ya maziwa aliyoipika kiangazi.

"Hii nilimwekea Dulmaa. Basi na imfikie kwa njia hiyo."

Wakachanganya dawa, vodka, gongo, na maji ya birika kujazia. Mzee akafunga boneti kwa blanketi zito la sufu, akaweka kadibodi mbele ya rejeta, akampa mjukuu wake amri moja: "Usizime mpaka tufike. Likizima njiani, tumekwisha."

Injini ikakohoa, ikawaka. Handaa akapiga vigelegele.

Njiani gari zima lilinuka kilabu. Saruul alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema polisi wakiwasimamisha watalipima gari, si dereva. Mzee hakuangalia njia wala milima. Alikuwa ametega sikio. Katikati ya safari mshale wa joto ulianza kupanda, na Saruul akaacha kucheka.

"Pombe inataka kuchemka," alisema mzee. "Punguza mwendo, usizime." Akashuka gari likiwa linatambaa, akatembea nalo sambamba, akakunja ncha ya blanketi, akachomoa kadibodi. Mshale ukashuka taratibu. Akapanda tena, ndevu zimeganda, anang'aa kama bwana harusi.

"Babu, hilo nani alikufundisha?"

"Malori mabovu."

Jua lilikuwa limekaa juu kabisa ya mlima walipoliona hema la Dulmaa. Mzee alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, kitambaa cha heshima cha hariri ya buluu mikononi. Ndani, mgongo wa kondoo ulikuwa mezani mzima, haujaguswa na kisu. Watoto na wajukuu wa Dulmaa walikuwa wameuzunguka na njaa zao tangu asubuhi, na bibi alikuwa ameketi wima akiutazama mlango.

Sengee akapiga goti, akapitisha mikono chini ya viwiko vyake. Vilikuwa vyepesi kupita alivyovikumbuka.

"Una amani, dada yangu?"

"Ninayo." Dulmaa akamnusa, kama ilivyo desturi, shavu la kulia, akamnusa la kushoto, akarudi nyuma. "Mdogo wangu! Umelewa kabla hujanisalimu?"

"Mimi sijagusa, dada. Aliyekunywa ni gari."

Hema likaangua kicheko, na ndipo Dulmaa alipoagiza kisu kiletwe. Nje Saruul alikuwa bado kwenye usukani, injini ikinguruma. Akashusha kioo na kupaza sauti:

"Babu! Tunalala hapa, na mchanganyiko huu baridi ya usiku hauiwezi! Njoo umwage!"

Mzee alisimama kwa kishindo, kifua mbele.

"Kamwage," alisema Dulmaa, "lakini mbali na mlango wangu. Na uvae kofia, mtoto wewe, utashikwa na mafua."

"Ndiyo, dada," alisema Sengee, akavaa kofia, akatoka mbio.