Kisogo cha Kipindi cha Saba

Mtu akiniambia picha safi ni ile isiyo na chembe, namwona kama anayemenya kiazi mpaka kikaisha mkononi. Kazi yangu ni kukagua anime za zamani, zile katuni za Kijapani zilizopigwa kwa filamu, kabla hazijauzwa kwenye diski za picha kali. Chembe za filamu, vile vidoti vinavyochezacheza kwenye skrini, ndizo picha yenyewe. Ukizifuta, umefuta na nyuso.

Safari hii nilikuwa na sababu nyingine ya kuwa mkali. Marehemu mama ndiye aliyechora mandhari ya mfululizo huu, katika karakana iliyowafanyia Wajapani kazi. Kwenye kipindi cha saba kuna umati wa watu kituoni, mchoro mmoja uliopigwa picha kwa sekunde nne bila chochote kusogea. Mama alijichora humo, gauni la kijani, amewapa watazamaji kisogo. Aliuchora siku aliyogombana na baba. Baba alimwambia akitoka asirudi, na kweli hakurudi. Gari lilimgonga jioni ile. Miaka thelathini baba anaamini kisogo kile alipewa yeye.

Kwenye kanda ya zamani ni kisogo kitupu. Kwenye diski ya kwanza niliona sikio, nikasema macho yangu yamechoka. Kwenye nakala mpya kulikuwa na shavu.

"Chembe tu hizo zinacheza, dada," fundi alisema. "Nikipitisha kisafishio cha kompyuta zitatulia."

Akapitisha. Zikatulia, na mama akawa doa la kijani lisilo na kichwa.

"Bosi anaitaka hii. Tia saini."

Saini yangu ingemfuta kabisa. Nikamwambia asubiri kesho, nikaondoka na nakala yenye chembe.

Asubuhi baba alikaa kwenye kochi, mimi sakafuni mbele yake na rimoti. Sekunde nne zikapita.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kila nikirudia, shingo ilikuwa imegeuka kidogo zaidi, na niliogopa, sitaficha. Mara ya tisa mama alitutazama kwa macho yote mawili. Nikamsikia baba akilia.

"Nilikosea, mke wangu," akasema. "Rudi nyumbani."

Nikarudia mara ya kumi. Umati ulikuwepo, kituo kilikuwepo. Pale penye gauni la kijani palikuwa na benchi, limechorwa vizuri mpaka misumari yake, ambalo hakuna nakala iliyowahi kulionyesha.

Fomu ya ukaguzi ilikuwa mapajani. Nikatia saini nakala yenye chembe, na penye swali la kilichopotea nikaandika: hakuna.

Nyuma yangu kochi likalia. Baba alikuwa anasogea, kama anayempisha mtu.

"Mwamkie mama yako," akaniambia kwa upole.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho nimeyakaza kwenye runinga. Sasa ni mimi niliyempa kisogo.