Prosper Kwenye Mfereji

Kabla jua halijafika kwenye migomba, Vaileth alitoka na beseni, akaliondoa shuka alilolitandaza jioni juu ya mibuni, akaanza kulikamua. Alianzia pembe moja akaenda hadi nyingine, akisokota kwa mikono miwili, bila haraka, kama mtu anayefua. Yaliyotoka yalikuwa mume wake. Alimmimina kwenye jagi, akalifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie, akaenda kuwasha moto.

Prosper alikuwa maji tangu kiangazi. Siku ile wanaume wa mfereji walipanda hadi kwenye banio, kule msituni ambako mto huzuiwa kwa mawe ili maji yageukie mferejini. Walikwenda msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Maji yalikuwa kidogo, kwa sababu mdomo wa bomba la hoteli ya watalii uko juu ya banio, na bomba hunywa kwanza. Prosper aliingia mferejini kuzoa tope na majani. Wenzake walipomaliza sehemu zao walimwambia atoke, akasema anamalizia. Alianza kuyeyuka miguuni. Mzee Thomasi, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alimshika mkono mpaka mkono ukaisha. Kisha wakabeba majembe yao na la Prosper, wakateremka, wakamweleza Vaileth ilivyokuwa, wakanywa chai.

Mchungaji aliombwa ushauri kuhusu mazishi. Alifikiri, akasema maji hayazikwi, maji hubatizia, na Prosper alikwisha kubatizwa. Kwa hiyo Vaileth hakuwa mjane. Hakuna aliyekuja kulala matanga, na hakuna aliyechinja.

Wiki hiyohiyo Vaileth alisahau shuka nje, na asubuhi akalikuta zito. Alilikamua, akanusa ugoro, uleule wa Prosper. Alitia sabuni kidogo kwenye beseni kuhakikisha, na maji yakakataa kutoa povu. Hata alipokuwa mtu, Prosper hakupatana na sabuni. Tangu hapo shuka likawa linatandazwa kila jioni.

Njia yake haikuwa ngumu. Asubuhi alipita mferejini pamoja na maji mengine, akaingia mashambani kwa watu, akanywewa na kabichi na migomba. Mchana jua lilimtoa kwenye majani na kwenye udongo, akapanda bila kuonekana. Alipofika usawa wa msitu alipoa, akawa wingu, na Mlima Meru ukajifunika. Sehemu yake ilidondoka kwenye miti ya juu, ikazama ardhini, ikatokea tena chemchemini, ikarudi kwenye mto. Sehemu iliyobaki iliteremka jioni ikiwa ukungu, ikapita katikati ya migomba bila kubisha hodi kwa mtu, ikatua juu ya shuka. Vaileth alikaa na jagi mezani akala ugali wake. Alimweleza kwamba mtoto wao Rodrick hajapiga simu, na kwamba ng'ombe amepunguza maziwa. Tangu zamani Prosper hakuwa msemaji.

Masika yalipoanza alipanda juu kupita kiasi, akarudi akiwa mvua ya mawe. Alipiga mabati, akalaza maharage ya majirani. Kandida, ambaye shamba lake linapakana na la Vaileth, alikuja hadi kwenye ua akiwa amejifunika gunia.

"Mama Rodrick, mwambie baba Rodrick apunguze hasira. Maharage yangu yote yamelala."

Vaileth alisema si hasira, ni baridi ya huko juu. Kandida akasema baridi gani ya kuchagua maharage ya mtu. Hata hivyo alishika ufagio, wakamzoa pamoja, wakamweka kwenye ndoo karibu na jiko ayeyuke.

Mwezi wa saba alikawia kileleni akiwa barafu kwenye nyufa za mawe. Aliporudi alikuwa wa kujaza jagi tu, wakati mwanzoni jagi lilijaa na beseni likabaki na ziada. Vaileth alidhani ni msimu. Kisha akaanza kurudi akinuka dawa ya bwawa la kuogelea, na mikono ya Vaileth ikawa inawasha baada ya kumkamua. Baadaye jagi nalo likawa halijai. Ilipofika wakati wa kuchuma kahawa, shuka zima, likisokotwa mpaka uzi wa mwisho, lilitoa kikombe.

Hanna, mdogo wake Prosper, alipiga simu kutoka Sakina, mjini. Ana kibanda cha chai kando ya barabara ya Nairobi, karibu na gereji, na wateja wake wengi ni mafundi. Maji huyanunua kwenye boza, lori la tangi linalopita mtaani, na dereva wa boza alikuwa amemwambia kwamba siku hizi anajaza kwenye tangi la hoteli huko mlimani, kwa sababu hoteli ina maji ya ziada.

"Wifi," Hanna alisema, "kaka amekuja kwenye dumu. Nusu yake nimeshawapikia wateja chai kabla sijamjua."

Vaileth aliuliza wateja wamesemaje.

"Wamesema chai ya leo ina ugoro. Mmoja ameongeza kikombe."

"Na nusu nyingine?"

"Nimemmwaga hapo barabarani, kwenye jua kali. Si atapanda? Njia anaijua."

Vaileth alisema asante. Hanna akasema Prosper ni kaka yake pia, asimwone hana uchungu. Vaileth alisema hajamwona hivyo. Simu ikakatika kwa kukosa salio.

Prosper hakuonekana tena kwa siku kadhaa. Vaileth alitandaza shuka na mablanketi, akaongeza na kitambaa cha meza. Alikamua ukungu wa kawaida, usio na harufu, akawapa kuku. Aliporudi, Prosper alikuwa nusu kikombe, mwenye vumbi la lami. Vaileth alimwacha atulie, akamchuja kwa kitambaa safi.

Vaileth akiwa bado anachuja, Nelson aliingia uani. Ni kijana, katibu wa kamati ya mfereji, na Prosper ndiye aliyemsimamia kipaimara. Aliamkia shikamoo, akasubiri marahaba, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. Alisema kamati imepata taarifa kwamba katika nyumba hii yanahifadhiwa maji ya mfereji nje ya zamu. Vaileth alisema ni Prosper. Nelson alisema kamati inajua ni Prosper, jambo hilo halina mgogoro. Aliomba Vaileth afike mbele ya kamati Jumapili baada ya ibada, na aje na Prosper. Kisha akasogeza kichwa kwenye kikombe, akasema shikamoo baba, akaondoka.

Jumapili, baada ya ibada, watu walibaki nje kwa mnada wa sadaka za mazao. Mkungu wa ndizi ulinunuliwa na mtu yuleyule aliyeutoa. Mayai yaligombewa kidogo. Mnada ulipoisha, kamati ilivuta mabenchi kivulini, nyuma ya kanisa, mahali mfereji unapopita. Vaileth aliketi na kikapu magotini. Ndani ya kikapu, Prosper alikuwa kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko.

Mzee Thomasi alifungua kwa sala. Halafu akasema kwa upole, maana ni mtu mpole:

"Mama Rodrick, hakuna anayebisha kwamba huyu ni mume wako. Mimi mwenyewe nilimshika mkono. Lakini ni maji, na maji yana zamu."

Vaileth aliuliza zamu ya bomba la hoteli ni siku gani.

Nelson alieleza kwamba bomba halina zamu, lina mkataba. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba saruji ya sakafu ya kanisa ilitoka hotelini, na mabati ya nyumba ya mwinjilisti pia. Watu wakatazama mlango wa kanisa.

Vaileth aliwaeleza mahali Prosper anakokwenda. Alisema yuko kwenye bwawa ambamo wageni wanaoga, yuko kwenye boza, yuko kwenye chai ya Sakina, na kila anaporudi ni pungufu ya alivyoondoka. Alisema ikiendelea hivi hatarudi kabisa. Kamati ilimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyemwita mwongo. Mzee mmoja alisema hata yeye ameona zamu yake inaisha kabla maji hayajafika mwisho wa shamba. Wengine wakaitikia kwamba ndivyo. Mzee Thomasi akashukuru kwa mchango huo, akasema warudi kwenye hoja, na hoja ilikuwa shuka.

Walishauriana pembeni kwa muda mfupi. Uamuzi ulikuwa kwamba Prosper arudishwe mferejini sasa hivi, mbele ya watu. Mama Rodrick atoe mbuzi mmoja na aombe radhi. Akiomba radhi, kamati itamruhusu kutandaza shuka jioni na kuweka nyumbani kile kitakachopatikana. Asipoomba, shuka lisitandazwe tena nje, kwa kuwa umande nao hutoka kwenye maji ya wote.

"Omba tu, mama, yaishe," Kandida alisema kutoka benchi la nyuma. "Mbuzi nitakuazima."

Mzee Thomasi alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alipiga goti ukingoni, jambo ambalo kwa umri wake lilichukua muda, akamimina taratibu asimuumize. Prosper aliingia kwenye maji mengine. Kwa kitambo kidogo alionekana, kijistari chenye rangi ya chai, kisha akachanganyika, akapita chini ya kidaraja, akaelekea kwenye kabichi za mtu mwenye zamu. Nelson alivua kofia. Huko juu, kwenye ukingo wa msitu, bomba lilikuwa likivuta kama kawaida, na sauti yake ilisikika hadi kivulini.

Mzee Thomasi alisaidiwa kusimama. Alifuta goti, akamrudishia Vaileth kikombe, akamwambia kwamba sasa limebaki neno lake tu, na kwamba kila mtu hapa anamtakia mema. Ilikuwa kweli. Walikuwa wakimtazama kama watu wanaomsubiri mtoto aseme asante.

Vaileth alikitia kikombe kwenye kikapu.

"Alikuwa anarudi nyumbani kwake," alisema. "Siombi radhi."