Daktari wa Mikono Mfukoni

Jumanne, baada ya uji wa saa nne, Mwalimu Nteboheng aliwafundisha watoto thelathini na wanne wa darasa la awali la kijiji cha Ha Tlhaole kuchora daktari. Kichwa ni yai, alisema. Koti ni boksi lililosimama. Miguu ni fito mbili, viatu ni maharagwe mawili. Shingoni mtundikieni kipimo cha kusikilizia moyo, na mdomo uwe wa kutabasamu, ili wagonjwa wadogo wasiogope. Mikono ilikuwa imemshinda tangu chuo cha ualimu. Mkufunzi wake alimwambia kwamba vidole huharibu picha nzuri, naye akawaambia watoto vile alivyoambiwa: mikono iko mfukoni. Mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, kwisha.

Watoto walipotoka kucheza, daktari wa ubaoni alishuka sakafuni, akajipangusa vumbi la chaki begani kwa kidevu, akauliza zahanati iko wapi. Mwalimu akamwelekeza: upite zizi la chifu, nyumba ya bati la kijani. Alikuwa na urefu wa mtu mzima, mweupe, bapa. Akikaa kiubavu alionekana kama uzi. Upepo wa mlimani ulimwangusha mara mbili. Mara ya pili mzee mmoja alishuka kwenye farasi wake, akamkunja chini ya blanketi, akamfikisha.

Zahanati ilikuwa na chumba cha daktari kwa miaka sita, bila daktari. Kulikuwa na meza, kiti, kitanda cha kupimia na kibao mlangoni. Daktari akaketi. Limpho, mhudumu aliyepima watoto uzito na kupiga deki, akamwekea jiwe juu ya viatu ili asipeperuke mlango ukifunguliwa.

Daktari alijua kazi. Alisikiliza maelezo ya mgonjwa hadi mwisho, akataja ugonjwa na dawa, na Limpho akaandika. Alimwambia Mzee Sekoati kwamba kifua chake hakitapona, na alimwambia akitabasamu, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Mzee Sekoati alisema nyumbani kwamba ni nafuu kufa kwa anayecheka kuliko kwa anayefoka.

Mosele, mama yake Pulane wa darasa la awali, alikwenda kupimwa akiwa na mimba ya miezi minane. Daktari alimwomba Limpho amshike tumbo kwa niaba yake. Kesho yake asubuhi, akimleta mtoto shuleni, Mosele alisimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, huyo mwanamume uliyemchora hajui kutoa mikono mfukoni?"

"Hana, mama. Sikuchora."

"Basi laiti ningekutana naye mapema. Yule wangu anayo miwili na hajawahi kunichotea hata ndoo ya maji."

Walicheka, na Pulane akacheka kwa kuwa mama yake alicheka.

Wiki ya pili barua ilifika kutoka wilayani. Nafasi ya daktari wa Ha Tlhaole imejazwa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati, aliyesomea ukunga, alihamishiwa kwingine, maana kituo chenye daktari hakihesabiwi kuwa na upungufu. Gari la wagonjwa nalo liliondolewa kwenye zamu ya kupanda mlima. Muuguzi alimkabidhi Limpho funguo na koti la mvua, akaondoka na lori la ngano.

Alhamisi moja ya mwezi uliofuata, saa mbili asubuhi, Mosele alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia vizuri. Kondo la nyuma halikutoka. Daktari alisubiri nusu saa, kama inavyotakiwa, akamwambia Limpho kwamba sasa lazima mtu aingize mkono alitoe, na asichelewe, kwa sababu damu haisimami.

Limpho alipiga simu wilayani. Aliyepokea aliuliza kama kituo kina daktari.

"Yupo," Limpho alisema, "lakini hana mikono."

"Ameandikiwa likizo ya ugonjwa?"

"Hapana, baba."

"Basi yuko kazini, dada. Mwache afanye kazi yake."

Limpho alikimbia shuleni. Mwalimu Nteboheng aliwaacha watoto wakihesabu mbegu za mahindi, akachukua chaki nzima na kwenda. Alimchora daktari pale alipokaa. Mkono wa kwanza ulitoka na vidole sita, akafuta kimoja kwa shali. Wa pili ulikuwa bora, wenye kucha na mikunjo ya viungo, mkono bora kuliko wote aliochora maishani. Daktari alikunja vidole, akavinyoosha, akamshukuru. Kisha akafanya jambo ambalo daktari yeyote hulifanya kwanza. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono.

Alinawa kwa uangalifu, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Maji yakawa kama maziwa. Alipoinua mabega hapakuwa na kitu. Mwalimu alichora tena, akamsihi asinawe. Daktari alisema haiwezekani kumgusa mzazi kwa mikono isiyooshwa, akanawa. Mara ya tatu chaki ilikuwa imebaki punje.

Daktari akabaki kumwelekeza Limpho, ambaye mikono yake ilizoea mizani na ndoo. Aliongea polepole, bila kukosea neno. Limpho alitoa kipande tu.

"Dada Limpho," Mosele alisema, "Pulane asiletwe huku. Mpeni uji kwanza."

Alifariki saa nne kasoro robo. Daktari aliitaja saa kwa sauti ili iandikwe, akaeleza kilichomuua, akitabasamu.

Mwisho wa mwezi bwana afya wa wilaya alipanda na gari la serikali. Alipitia daftari. Katika safu ya wazazi waliofariki bila kuonwa na daktari, Ha Tlhaole ilikuwa na sifuri kwa mara ya kwanza. Mwalimu Nteboheng alimweleza habari ya mikono. Alisema anaweza kujifunza kuchora kwa rangi ya mafuta, isiyotoka kwa maji, apewe tu makopo mawili. Bwana afya alimsikiliza, akasema rangi haimo kwenye bajeti, na kwamba mtumishi aliyekwisha kuajiriwa habadilishwi umbo. Halafu akauliza mtoto wa miaka sita anachukua muda gani kuchora daktari mmoja.

"Nusu saa," mwalimu alisema. "Kama hana mikono."

Wilaya ilikuwa na vituo vingine kumi na kimoja visivyo na daktari. Karatasi kubwa zililetwa Jumatatu, pamoja na biskuti. Watoto walilala kifudifudi sakafuni: yai, boksi, fito mbili. Pulane naye alichora, shali nyeusi ya msiba ikiwa imebanwa kwa pini begani. Mchoro wake ulitoka safi kuliko yote, hakupita mstari hata mahali pamoja. Bwana afya alimpa biskuti mbili na kumwambia ataufikisha mbali.

Aliufikisha kwenye zahanati ya Ha Ramosoeu, kijijini kwa dada wa Mosele, ambaye ndiye aliyemchukua yule mtoto mchanga, na ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba.