Hewa Safi ya Rufin

Kazi yangu katika mgodi wetu wa Silesia ni kupima methani, gesi ilipukayo, isiyo na harufu wala haja ya kubishana na mtu. Ikizidi kiasi, kipima gesi kilichoning'inizwa darini hukata umeme, na mashine ya kukatia makaa husimama. Yaliyosalia tumemwachia Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi.

Jumatano ile nilikikuta kipima gesi cha kikosi cha Rufin kikipulizwa na mpira wa kupitishia hewa safi ya kuendeshea mitambo, uliofungwa kwa waya kando yake. Kilivuta hewa safi kama mgonjwa wa kifua aliyepelekwa milimani. Hatua chache mbele, kipima changu cha mkononi kilikuwa kikilia.

Rufin ni kaka wa mke wangu. Alikuwa amebakiza majuma machache astaafu akiwa msimamizi, kama baba yake, na karamu ya kumuaga ilikwisha pangwa.

"Shemeji, acha hivyo hivyo," alisema akinivuta kando. "Kila mara inazimika kwa ajili ya kigesi kidogo. Tutakata makaa lini, siku ya kiyama?"

"Zima mashine, Rufin."

"Miaka yote hii nimelipuka mara ngapi?"

"Ungelipuka hata mara moja, usingekuwepo kuuliza."

"Ala! Na Jumapili utakuja kula rolada za nyama za mama yangu kwa mdomo huohuo?"

Hoja yake ya kwamba hajalipuka ilikuwa na nguvu kuliko alivyojua. Mlipuko uliozuiwa hauachi ushahidi. Aliyeuzuia hana cha kuonyesha ila uadui. Nilikata waya. Mpira ulianguka, kipima kikaonja hewa iliyokuwapo kweli, umeme ukakatika. Kisha nikampigia simu mkuu wa zamu, nikamweleza na habari ya ule mpira. Kikosi kizima kiliondolewa hadi gesi ilipopungua.

Rufin hakustaafu akiwa msimamizi. Majuma yake ya mwisho aliyamalizia juu ya ardhi, akigawa taa kwenye dirisha la chumba cha taa. Kwetu hakuna ashukaye mgodini bila kuambiwa "Mungu akujalie". Aliwaambia wote. Mimi alinisukumia taa bila neno.

Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa na hakika pangelipuka. Nilimjibu kwamba sikuwa nayo. Jumapili ya juma lile tulikula rolada nyumbani kwetu, wawili tu, alizozipika mwenyewe. Zilikuwa zimezidi chumvi.